AJALI YA METHANI INA KINGA

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake kwa mtu aliyeangukiwa na dafu akipita njia, maana hakuna aliyeweza kumwonya. Lakini kuna mahali ambapo msemo huo umegeuzwa kuwa kichaka cha kujifichia. Mara nyingi mgodi wa makaa ya mawe unapolipuka na kuua watu, husimama mkubwa mmoja mbele ya wajane na mayatima akawaambia kuwa hayo ndiyo majaliwa ya kazi ya mgodini. Wajane hulia, marehemu huzikwa, na baada ya muda mgodi mwingine hulipuka kwa sababu zile zile.

Leo twapenda kulipima neno hilo, kwa kuwa katika jambo la gesi ya methani si neno la kweli. Kinga ipo. Imejulikana tangu zamani za babu wa babu zetu, na kinga hiyo ni hewa: hewa safi, ya kutosha, inayopita kila mahali mchimbaji anapofanya kazi. Palipo na kinga inayojulikana, na watu wakafa kwa kunyimwa kinga hiyo, hapana haki ya kuita jambo hilo ajali tupu.

ADUI ASIYEONEKANA

Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea iliyozikwa ardhini enzi na enzi. Mimea hiyo ilipogeuka kuwa makaa ilizaa gesi ya methani, na gesi hiyo ingali imenaswa ndani ya makaa mpaka leo. Mchimbaji anapoyakata, gesi hutoka. Na kwa kawaida kadiri mgodi unavyokwenda chini ndivyo gesi inavyozidi. Methani haina rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya dari ya mgodi na katika mapango yaliyobaki baada ya makaa kutolewa. Ikiwa katika hewa ni chini ya asilimia 5, hailipuki. Ikizidi asilimia 15, nayo hailipuki, kwa kuwa hewa ya kuiwasha haitoshi. Lakini baina ya 5 na 15 hungoja cheche moja tu: ya waya wa umeme, ya chuma cha mashine kilichogonga jiwe, hata ya mwamba uliosuguana na mwamba.

Wala balaa haliishii hapo. Mlipuko wa methani hutimua vumbi la makaa lililolala sakafuni na ukutani, na vumbi hilo likishika moto huwa mlipuko wa pili, ulio mkali kuliko wa kwanza, unaokimbia katika njia zote za mgodi. Katika migodi ya Courrières, huko Ufaransa, tarehe 10 Machi, 1906, mlipuko wa vumbi uliua watu 1,099. Anayeokoka moto hukutwa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoua kimya kimya.

Dawa yake si uchawi. Mgodi sharti uwe na njia mbili, moja ya kuingizia hewa safi na moja ya kutolea hewa iliyochafuka. Feni kubwa, ambayo desturi ni kuiweka juu ya ardhi, huivuta hewa ipite chini. Milango, kuta na mapazia ya turubai huielekeza hewa hiyo mpaka pale watu wanapokata makaa. Hewa huizimua methani na kuichukua nje. Mahali ambapo gesi ni nyingi mno, matundu hutobolewa kabla ya uchimbaji na gesi huvutwa kwa mabomba. Vumbi la makaa hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa vumbi la chokaa ili lisishike moto. Vipimo vya gesi hukesha usiku na mchana. Sheria za nchi nyingi huamuru umeme ukatwe methani inapofika asilimia 1 au zaidi kidogo, na watu watolewe inapofika asilimia 2 au hata kabla, yaani mbali sana na ile 5 ya hatari.

Basi ikiwa mambo haya yanajulikana hivi, kwa nini watu wameendelea kufa? Jibu halimo katika elimu ya gesi. Limo katika elimu ya fedha na mamlaka.

SHERIA ILIYOANDIKWA KWA DAMU

Tuanze na Uingereza, nchi ambayo viwanda vyake vilijengwa juu ya makaa ya mawe. Mwezi wa Januari 1862, katika mgodi wa Hartley, boriti ya mtambo wa kuvutia maji ilikatika ikaangukia ndani ya shimo la mgodi na kuliziba. Mgodi huo ulikuwa na shimo hilo moja tu. Walikufa wanaume na watoto wa kiume 204, karibu wote wakiwa wamenaswa chini na kukosa hewa safi. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria kwamba kila mgodi uwe na njia mbili za kutokea. Kabla ya siku hiyo shimo la pili lilihesabiwa kuwa gharama isiyo ya lazima.

Miaka 51 baadaye, tarehe 14 Oktoba, 1913, mgodi wa Universal ulioko Senghenydd, katika Wales, ulilipuka. Walikufa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja akafa juu yao. Hadi leo hapajatokea msiba wa mgodini mkubwa kuliko huo katika Uingereza. Mgodi huo ulikwisha kulipuka mwaka 1901 na kuua watu 81, kwa hiyo tabia yake ilijulikana. Sheria ya mwaka 1911 ilikuwa imewaamuru wenye migodi waweke mtambo wa kuweza kuigeuza njia ya hewa, ili moto ukitokea, moshi usipelekwe kwa watu. Walipewa mpaka mwanzo wa mwaka 1913. Mgodi huu ukaongezewa muda mpaka mwisho wa Septemba. Septemba ikaisha kazi haijakamilika, na uchimbaji ukaendelea. Wiki mbili baadaye watu wakafa.

Hukumu ilikuwaje? Meneja alitozwa faini ya paundi 24. Kampuni ikatozwa paundi 10 na gharama za kesi. Paundi 24 zilikuwa shilingi 480. Gawanya kwa watu 439, msomaji, upate bei ya roho ya mchimbaji katika dola iliyojiita tajiri kuliko zote duniani: shilingi moja na peni moja. Mtambo wa kugeuza hewa ulikuwa ghali kuliko hivyo. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Maadamu kuua kwa kutojali ni rahisi kuliko kuingiza hewa, atakuwapo mwenye mali atakayechagua kilicho rahisi.

PIKE RIVER

Watasema hayo ni ya kale. Basi twende mwaka 2010, katika New Zealand, nchi yenye maendeleo, shule na Bunge la siku nyingi. Tarehe 19 Novemba, 2010, saa kumi kasorobo alasiri, mgodi wa Pike River ulilipuka. Ndani walikuwamo watu 31. Wawili walitoka. 29 hawakutoka, na miili yao ingali mlimani.

Tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ilitoa taarifa yake mwaka 2012, na kila mfanyakazi angefaa kuyajua iliyoyasema. Mgodi ulikuwa na njia moja ya kuingilia, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 2, iliyochimbwa ubavuni mwa mlima. Njia ya pili ya kujiokoa ilikuwa kisima cha hewa chenye kina cha zaidi ya mita 100, ambacho mtu alitarajiwa kukipanda kwa ngazi, katika kisima kile kile ambacho moshi ungepita. Hayo ni miaka 148 baada ya Hartley! Feni kuu ya hewa, badala ya kuwekwa nje, iliwekwa chini ndani ya mgodi, jambo lisilokuwa na mfano katika migodi ya makaa yenye gesi. Mlipuko ulipotokea, feni ikafa pamoja na watu iliyowekwa kuwalinda. Mabomba ya kuvutia gesi hayakuweza kuihimili gesi iliyokuwapo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na huko mawingu yalitanda mno. Katika siku 48 kabla ya mlipuko, taarifa za kazi zilionyesha mara 21 ambapo methani ilifika kiasi cha kulipuka, na mara nyingine 27 ambapo ilifika kiasi kinachoweza kuwa cha hatari. Taarifa hizo ziliandikwa na wafanyakazi na wasimamizi wao. Hazikusimamisha kazi. Kampuni ilikuwa imechelewa kutoa makaa iliyowaahidi wenye hisa, fedha zilikuwa zinapungua, na wafanyakazi waliahidiwa bakshishi endapo uchimbaji mpya wa kutumia nguvu ya maji ungeanza haraka. Mtu anayeongezwa mshahara ili aharakishe, na asiyeongezwa hata senti ili asimamishe kazi, amekwisha kuambiwa anachotakiwa kufanya.

Na serikali ilikuwa wapi? Katika miaka ya 1990 sheria za migodi za nchi hiyo zililegezwa kwa imani kwamba mwenye kampuni atajisimamia mwenyewe. Wakaguzi waliochaguliwa na wafanyakazi wakafutwa. Ilipofika mwaka 2010 nchi nzima ilikuwa na wakaguzi wawili tu wa migodi. Hao wawili hawakuwa wavivu. Walipewa kazi isiyowezekana. Waziri wa kazi alijiuzulu wizara hiyo taarifa ya tume ilipotoka. Lakini mashtaka dhidi ya mkuu wa kampuni yaliondolewa mwaka 2013 kwa mapatano ya kulipwa dola za nchi hiyo milioni 3.41 kwa jamaa za marehemu na kwa wawili waliookoka. Mwaka 2017 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikatamka kwamba mapatano yale hayakuwa halali. Wakati huo mashtaka yalikwisha kupotea.

VISINGIZIO VIWILI

Yuko atakayesema: basi dawa ni kuongeza wakaguzi. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka huo huo wa 2010, tarehe 5 Aprili, mgodi wa Upper Big Branch katika West Virginia, Marekani, ulilipuka na kuua watu 29. Marekani haikuwa na upungufu wa wakaguzi wala wa sheria. Uchunguzi ulionyesha kwamba methani kidogo iliwaka, ikawasha vumbi la makaa ambalo halikufunikwa kwa chokaa kama sheria ilivyotaka. Ulionyesha pia kwamba kampuni iliandika kasoro za mgodi katika vitabu vyake yenyewe na kuzificha katika vitabu vya kuonyeshwa serikalini, na kwamba mkaguzi alipofika langoni, habari ilitangulia chini ili mambo yatengenezwe kabla hajafika. Mgodi huo haukuwa na chama cha wafanyakazi. Waliojua ukweli waliogopa kufukuzwa kazi. Mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha mwaka mmoja kwa kula njama ya kuvunja kanuni za usalama. Mwaka mmoja, kwa nchi ambayo mwizi mdogo hufungwa zaidi ya hapo.

Yuko na mwingine, na huyu ni ndugu yetu wa karibu, atakayesema: taifisheni migodi, na methani itakoma. Sisi tunaoamini kwamba utajiri wa ardhi ni mali ya wananchi hatuna budi kumjibu kwa ukweli. Mgodi wa Amasra, katika Uturuki, ni mali ya shirika la serikali. Miaka kadhaa kabla ya msiba, wakaguzi wa hesabu za serikali yenyewe walikwisha kuandika kwamba kadiri mgodi huo ulivyozidi kwenda chini ndivyo hatari ya gesi ilivyoongezeka. Tarehe 14 Oktoba, 2022, siku ile ile ya Senghenydd baada ya miaka 109, methani ililipuka na kuua watu zaidi ya 40. Rais wa nchi alipofika aliutaja mpango wa kudra. Sisi hatubishani na kudra ya Mwenyezi Mungu. Tunauliza tu habari za karatasi iliyoandikwa na wanadamu, ikasomwa na wanadamu, ikawekwa kabatini na wanadamu.

Methani haisomi hati ya umiliki. Bendera ya taifa ikipepea mlangoni mwa mgodi haipunguzi hata asilimia moja ya gesi iliyo chini. Meneja wa shirika la umma aliyepewa lengo la tani, na ambaye cheo chake hutegemea tani hizo, anaweza kusahau hewa sawasawa na bepari anayetazama faida yake. Tofauti ni kwamba shirika la umma lina bwana mwingine, yaani wananchi. Na bwana huyo akilala, tofauti hiyo haipo.

Wala tusidhani kwamba mambo hayawezi kubadilika. China, ambayo migodi yake mingi ni ya umma, ilipoteza wachimbaji wa makaa karibu 7,000 katika mwaka 2002 pekee. Ilifunga maelfu ya migodi midogo isiyo salama, ikalazimisha gesi ivutwe kabla ya makaa kukatwa, ikaweka vipimo na kuadhibu wakubwa. Mwaka 2018 waliokufa hawakufika 400. Nchi hiyo haikuacha kuchimba makaa. Iliamua kwamba vifo hivyo vina kinga.

NA SISI JE?

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza ataona kwamba haya ni ya mbali. Si ya mbali hivyo. Tarehe 6 Juni, 1972, katika mgodi wa Wankie, Rhodesia ya wakati ule, mlipuko uliua watu 427, wakiwamo wafanyakazi waliotoka nchi za jirani kutafuta riziki chini ya utawala wa walowezi. Miili ya wengi wao haikutolewa. Mgodi ulizibwa juu yao. Hilo ni kaburi la Waafrika, nalo halitufai kitu tukilipita bila kujifunza.

Nchi yetu nayo ina makaa ya mawe, katika Ruvuma, Njombe na Songwe. Sehemu kubwa ya makaa tunayouza sasa huchimbwa kwa mashimo ya wazi, kama kule Ngaka, ambako upepo hupita bure na methani hupotea angani. Lakini Kiwira ulijengwa kuwa mgodi wa chini ya ardhi, kwa msaada wa China katika miaka ya 1980. Na makaa ya karibu na uso wa ardhi hayadumu milele. Bei ikiwa nzuri, kama ilivyokuwa mwaka 2022 Ulaya ilipohangaika kutafuta makaa kwa ajili ya vita vya Ukraine, na meli zikayafuata makaa yetu Mtwara, wako watakaotaka twende chini upesi. Hatuwapingi. Twasema tu kwamba saa ya kuuliza habari za hewa ni sasa, kabla ya tundu la kwanza kutobolewa, kwa kuwa njia ya hewa haiongezwi kwa urahisi katika mgodi uliokwisha kujengwa vibaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mgodini ukuta unaojengwa ni ule wa kuzibia makaburi.

Kwa hiyo, sisi tunataka mambo matatu yaeleweke katika kila tawi la Chama na kila mkutano wa wafanyakazi.

Kwanza, pasitolewe ruhusa ya kuchimba makaa chini ya ardhi mpaka njia mbili, feni ya nje na mpango wa kuvuta gesi viwe vimekamilika kwa vitendo. Ahadi kwenye karatasi isihesabiwe, na muda usiongezwe. Senghenydd waliongezewa muda.

Pili, mkaguzi wa migodi awe mtu mwenye elimu ya kazi hiyo, alipwe na serikali vya kutosha, na aweze kufika bila kupiga hodi wiki moja kabla. Adhabu kwa mwenye mgodi, awe mgeni, mzalendo au shirika la umma, iwe kubwa kuliko gharama aliyoikwepa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mfanyakazi mwenyewe awe na haki ya kusimamisha kazi. Achague wajumbe wake wa usalama, wafundishwe kusoma vipimo vya gesi, na taarifa za methani zibandikwe mahali kila mchimbaji anapopita kuingia zamu. Kipimo kikivuka, atoke, na asipoteze mshahara wala kazi kwa kutoka. Haya si maneno yetu ya kubuni. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unatambua haki ya mchimbaji kuchagua wawakilishi wa usalama na kujiondoa mahali pa hatari. Botswana, Zambia, Afrika ya Kusini na Zimbabwe, majirani zetu wenye migodi, wameuridhia.

Yale mawingu 21 ya Pike River yaliandikwa na mikono ya wafanyakazi. Walijua kuandika, hawakupewa uwezo wa kuamuru. Mwenye mgodi alikuwa na uwezo wa kuamuru, lakini hakuwa chini pamoja nao. Busara ya kawaida inataka uwezo wa kusema "basi" uwekwe pia mikononi mwa yule ambaye pumzi yake ndiyo inayohesabiwa.

Ndugu wafanyakazi, siku mtakapoitwa kuingia chini ya ardhi, ulizeni mshahara, ni haki yenu. Lakini kabla ya mshahara ulizeni feni iko wapi, njia ya pili iko wapi, na nani anayesoma kipimo. Mkijibiwa kwamba ajali haina kinga, msishuke.